Sungura mdogo anakula choo chake, na asubuhi nakuta kingine laini: ni ugonjwa au ni chakula?

MamaNasra, Tabata

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wanaojua sungura, maana hapa kwetu uzoefu ni wa kuku tu.

Mjomba wake Nasra alimletea mtoto sungura, kamnunua barabarani kwa kijana anayewatembeza kwenye boksi. Muuzaji alisema ana miezi miwili. Ni wa kijivu, masikio bado mafupi, nikikutanisha viganja vyangu viwili anaenea mzima. Nasra kampa jina Kashata, na sasa hata chai hainyweki bila Kashata kuwepo.

Chakula chake: asubuhi mkate uliobaki tunauloweka kwenye maziwa ya ng'ombe. Mchana karoti na majani ya kabichi. Jioni pelleti za sungura, bakuli linajazwa na kuachwa mpaka kesho yake. Duka likiishiwa pelleti anapewa stata ya vifaranga. Biskuti sijaziona kwa macho, lakini ninavyomjua mwanangu, zinaliwa. Majani ya nje hatuna, uwanja wote ni pevingi.

Sasa tatizo. Mchana anatoa choo cha mviringo, kikavu, hakina shida. Asubuhi ndiyo nakuta vitu vyeusi, laini, vinang'aa, vimeshikana na vina harufu ya uchachu. Vingine vimeganda manyoya ya chini ya mkia. Halafu usiku mmoja nilimmulika na tochi nikamwona amejikunja, anachukua kitu nyuma yake moja kwa moja kwa mdomo na kutafuna! Nimeshindwa kumwambia mtoto.

Je, ni njaa? Minyoo? Kwenye duka la dawa za mifugo wameniambia ninunue antibayotiki ya unga ya kuku niweke kwenye maji yake. Nimeinunua ila sijaifungua. Anakula vizuri na anarukaruka. Natanguliza shukrani.

Kisu_Kikali

Dada, mpe miezi minne halafu ulete uzi mwingine jukwaa la mapishi. Natania jamani, msinitukane. Poleni na Kashata.

JumaVifaranga

Huyo anaharisha tu. Mimi vifaranga wangu wakiharisha navunja kapsuli ya amoksilini kwenye maji, siku mbili wamekaa sawa. Mpe nusu kapsuli kwa kuwa ni mdogo.

MzeeWaUkoka, Moshi

Mama Nasra, hiyo pakiti iache ilivyo, usiifungue. Na wewe Juma mwanangu, sungura si kuku. Akipita daktari atakueleza kwa nini, mimi nitazungumzia chakula, ndiko ninakokujua. Nilikuwa bwana mifugo wa kata mpaka nilipostaafu, na sungura nimewafuga nyuma ya nyumba miaka yote hiyo.

Kwanza ondoa hofu ya ulichokiona usiku. Sungura ana mavi ya aina mbili (samahani kwa lugha, lakini hapa hakuna namna ya kuzunguka). Aina ya kwanza ni hayo ya mchana. Chukua kimoja ukipasue kwa kucha: ndani utaona nyuzinyuzi za majani makavu, hakinuki, hakiachi doa kwenye kidole. Hiyo ni taka. Aina ya pili ni hivyo vidonge vidogo laini, vyeusi, vilivyoshikana kishada na kufunikwa na utelezi unaong'aa. Hivyo si taka, ni chakula. Vinatoka akiwa ametulia, mara nyingi usiku au asubuhi, naye anavipokea kwa mdomo kabla havijagusa chini. Ndani yake mna protini, vitamini za kundi B, vitamini K na bakteria wake wenyewe. Ukimzuia asivile unamdhoofisha. Kwa hiyo mwambie Nasra bila aibu: Kashata anakula chakula chake mara ya pili.

Linalotakiwa kukusumbua ni kwamba vingine anaviacha. Kwa sungura mwenye afya huwezi kuviona kabisa. Ukivikuta vimelala kwenye boksi au vimeganda mkiani, kuna jambo kwenye sahani. Na sahani yako nimeisoma mara mbili, hakuna jani la nyasi hata moja.

Nieleze kinachotokea humo tumboni. Chakula kikifika mwisho wa utumbo mwembamba, utumbo mpana unakichambua. Nyuzi ngumu za majani zinasukumwa nje haraka, ndizo yale mavi makavu. Vile vilivyosagika sana pamoja na maji maji vinarudishwa nyuma kwenye mfuko uitwao sikamu, mkubwa kuliko tumbo lenyewe, na humo bakteria wanavichachusha. Sisi wa Moshi tunaelewa haraka, ni pipa la mbege hilo. Lina wapishi wake, na wapishi hao wamezoea majani. Wewe unawamwagia mkate, biskuti na pelleti bakuli zima. Wanga na sukari vikizidi, wapishi wazuri wanaelemewa, wanaingia wengine wa kutengeneza gesi na sumu. Zile nyuzi ngumu ambazo ungedhani hazina faida kwa kuwa hazisagiki, ndizo zinazousukuma utumbo utembee. Zikikosekana, utumbo unalegea. Na sungura hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite njia nzima.

Sasa umri. Mtoto wa miezi miwili wa mbegu hizi zetu za kawaida haenei kwenye viganja viwili namna hiyo. Nakisia alitolewa kwa mama akiwa na wiki nne au tano. Wauzaji wa barabarani wanapenda kuwauza wakiwa wadogo kwa sababu ndipo wanapopendeza. Mtoto anayenyonya, tumbo lake halina tindikali kali kama la mkubwa, maziwa ya mama ndiyo yanayomlinda. Bakteria wa sikamu anawapata kidogo kidogo, hata kwa kutafuna mavi ambayo mama anayaacha kwenye kiota. Ukimwachisha ghafla, ulinzi wa maziwa umeondoka, tindikali haijakolea, na bakteria hawajatulia. Wiki hizo ndizo zinazoua vitoto wengi kuliko wakati mwingine wowote. Angetakiwa akae na mama mpaka wiki ya nane.

Kwa hiyo leo hii:

Mkate, maziwa ya ng'ombe, biskuti na stata ya vifaranga, vyote simamisha. Hivi havihitaji kupunguzwa polepole, toa tu. Kabichi nayo ipumzishe, inaleta gesi.

Tafuta majani makavu, hei. Maduka ya pembejeo na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanauza kwa robota, na robota moja litamtosha huyo mpaka ulichoke. Yawe na rangi ya kijani bado, harufu nzuri, yasitoe vumbi jeupe ukiyakung'uta. Mpe rundo linalolingana na mwili wake au zaidi, mchana na usiku, lisiishe kamwe. Mtoto huyu akipata lusini (alfalfa) kavu ni bora zaidi, ina protini na kalsiamu anayoihitaji akiwa anakua. Ataiacha akifikisha miezi sita au saba, wakati huo kalsiamu hiyo itakuwa imezidi mahitaji yake.

Pelleti usiziondoe kabisa, ila bakuli zima ni nyingi mno. Kijiko kikubwa kimoja asubuhi kwa sasa. Usiku alale na majani peke yake. Soma mfuko: nyuzinyuzi zisipungue asilimia 18. Kama zimeandikwa 10 au 12, hizo zimetengenezwa kunenepesha, si kumlea.

Majani mabichi yasubiri kidogo mpaka vile vidonge laini vipotee kwenye boksi. Ukianza, anza na aina moja, kiganja kimoja, uangalie choo cha kesho yake ndipo uongeze.

Nijibu haya: anakunywa maji kwenye nini? Boksi liko wapi mchana? Na tumbo ukilishika, ni laini au limejaa kama ngoma?

MamaNasra, Tabata

Shikamoo mzee. Nimesoma nikamwita na baba Nasra asome. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kitu kizuri na kufurahia kibaya!

Maji anakunywa kwenye kifuniko cha ndoo, anakigeuza kila mara. Boksi liko kibarazani, asubuhi pana kivuli, mchana jua linapiga mpaka saa kumi hivi. Tumbo ni laini, halijavimba. Majani makavu nimepata kwa jirani anayefuga ng'ombe, nimemwekea, ameyanusa akageuka. Anakaa pembeni ya bakuli la pelleti anasubiri. Akikataa kabisa nifanye nini? Na jirani anasema nimkatie ukoka wa uwanja wa mpira, mashine imefyeka leo. Nimpe?

MzeeWaUkoka, Moshi

Marahaba mwanangu.

Uliofyekwa na mashine usimpe. Mashine inaponda majani, yakilala rundo moja yanapata joto na kuanza kuchacha kabla hujafika nyumbani. Chukua mundu, ukate mwenyewe sehemu ambayo mbwa hawakojoi na dawa haijapigwa, uoshe, ukung'ute maji. Ukipata mwingi utandaze kivulini juu ya wavu, ugeuzegeuze mpaka ukauke, utakuwa umetengeneza hei yako. Kazi hiyo mpe Nasra. Mtoto anayepeleka majani anaridhika sawasawa na anayepeleka biskuti.

Kuhusu kukataa: amezoea utamu, ndiyo maana. Pelleti zake za asubuhi zisage kidogo uzinyunyize katikati ya majani, atazitafuta kwa pua na mdomo utakutana na majani. Jaribu na majani laini zaidi, mashina magumu yatakuja baadaye. Lakini usishindane naye. Sungura hafundishwi kwa njaa, mdogo kama huyo akikaa nusu siku bila kula utumbo unaweza kusimama. Ukiona rundo halijaguswa kabisa usiku kucha, mrudishie pelleti kidogo huku ukiendelea kumshawishi.

Kibaraza hicho cha mchana sikipendi. Joto la Dar peke yake linatosha, ukiongeza jua moja kwa moja ni hatari. Likipita nyuzi 28 au 30 sungura anaanza kuteseka, hatoki jasho kama sisi, joto lake anapunguzia kwenye masikio. Akizidiwa anaacha kula, na akiacha kula tumekwisha rudi kwenye utumbo kusimama. Mhamishie ndani, sehemu yenye hewa. Chupa ya maji iliyogandishwa, umeifunga kitambaa, mwekee pembeni, ataiegemea mwenyewe akitaka.

Maji: bakuli zito la udongo, lile la kuwekea mtindi linafaa. Sungura wa kilo moja anaweza kunywa mililita 50 hadi 150 kwa siku, na anayekula majani makavu ananywa zaidi.

Na mizani ya jikoni unayo? Mpime kila wiki siku ile ile, uandike. Anayekua lazima aongezeke. Manyoya yanadanganya, mizani haidanganyi.

DktMifugo_Moro

Nimechelewa kuuona uzi. Mzee amemaliza karibu yote, niongeze upande wa dawa kwa sababu hapa ndipo sungura wengi wa nyumbani wanapofia.

JumaVifaranga, amoksilini ya kumeza kwa sungura ni sumu kwa njia ya kuzunguka. Dawa yenyewe haimuui, inaua bakteria wazuri wa sikamu. Nafasi inabaki wazi, bakteria wabaya waitwao klostridia wanaongezeka na kumwaga sumu, sungura anaharisha maji na kufa ndani ya siku chache. Ampisilini, penisilini ya kumeza, linkomisini na klindamisini ni hivyo hivyo. Mwenye sungura anasema "nimempa dawa lakini ugonjwa ulikuwa mkali", kumbe alianza kuugua baada ya dawa. Zipo antibayotiki zinazotumika kwa sungura, lakini kwa uzito wake na kwa ugonjwa uliojulikana. Pakiti ya kuku haifai kwa vyote viwili. Mama Nasra, irudishe dukani kama wanapokea.

Stata ya vifaranga ina shida mbili. Vyakula vingi vya kuku vimechanganywa kinga ya koksidia (vimelea vya utumbo, nitavieleza hapo chini), na baadhi ya kinga hizo, kama narasini, sungura hazivumilii. Ya pili ni sumukuvu. Mahindi na pumba zenye ukungu zinadhuru wanyama wengi, lakini sungura ni miongoni mwa wanaodhurika kwa kiasi kidogo sana. Hata pelleti zake zikipata unyevu zikanuka, tupa.

Kuhusu minyoo: sina wasiwasi nayo sana. Ninachokifikiria kwa mtoto aliyetoka kwenye boksi la wengi ni koksidia. Ni vimelea vya utumbo, aina moja inashambulia ini, na vinasumbua hasa sungura wa mwezi mmoja hadi minne. Dalili ni kukonda huku tumbo likijaa, manyoya kusimama, choo kulegea. Mayai yake yanatoka na kinyesi yakiwa hayajakomaa, yanahitaji muda kwenye unyevu na joto ndipo yaambukize. Kwa hiyo ukisafisha boksi kila siku na kulikausha, umekata sehemu kubwa ya mzunguko. Sakafu ya waya yenye ubao wa kupumzikia inasaidia, boksi la karatasi linalonyonya mkojo halisaidii. Kile kinyesi laini anachokila papo hapo hakimwambukizi upya, msimzuie.

Dalili ambazo ukiziona usiandike hapa, beba sungura uende: kuharisha maji matupu, choo chenye utelezi mwingi kama jeli, tumbo kukaza, kusaga meno akiwa amejikunja, kukataa hata kitu anachokipenda, au saa 12 kupita bila choo chochote. Kwa mtoto wa umri huu kesho asubuhi ni mbali.

WanjaNakuru

Pole sana mama Nasra, na salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu hei ya nyasi za boma rhodes iko kila agrovet (duka la pembejeo), ndiyo nawapa wangu. Naongeza tu kuhusu mboga, kwa sababu nilitoka kwenye kabeji nikaingia kwenye sukuma wiki nikidhani nimepona. Sukuma ni afadhali lakini ni ya kidogo kidogo, jani moja, si fungu. Dania (giligilani) na majani ya karoti yanakubalika sana. Na mashona nguo, ile inayoshika kwenye suruali, wanaipenda kupita kiasi na ni ya bure. Avokado weka mbali, tunda na majani pia.

MzeeWaUkoka, Moshi

Asante Wanja. Kwa upande wa Dar aongeze mchunga, matembele machache, mchicha mara moja moja. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya muhogo mabichi, hapana. Kitunguu hapana.

Karoti najua utaniuliza. Ni sukari hiyo. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara mbili kwa wiki, akishatulia. Picha za vitabu vya watoto ndizo zilizotuharibia.

MamaNasra, Tabata

Wakuu, narudi na habari. Yale laini kwenye boksi yamepungua sana, leo nimekuta kishada kimoja tu, na mkia umekauka baada ya kuufuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Majani makavu ameanza kuyala, ila kwanza ayalalie, ndipo aamke ayale. Mavi makavu yamekuwa makubwa zaidi na rangi imefifia, ni kawaida? Gramu zimeongezeka, baba Nasra ndiye anayeandika ukutani kwa penseli.

Nataka kupima hiyo koksidia nijiridhishe. Nampeleka wapi, na nabeba nini?

DktMifugo_Moro

Mavi makubwa yenye rangi ya kahawia hafifu ni ya sungura anayekula majani, ndivyo tunavyotaka.

Kwa kuwa uko Tabata, maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) ipo Temeke, wanapima mavi ya mifugo. Daktari wa karibu mwenye hadubini naye anaweza. Sungura mwenyewe si lazima umbebe kama anaendelea vizuri, safari na joto la daladala vitamchosha bure. Chukua mavi ya usiku huo huo, yale makavu na kile kishada kama kipo, kiasi cha kijiko kimoja, weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Usiweke maji, usiache juani, na kama hutoki mapema kiweke kwenye friji, si kwenye friza. Andika umri unaoukisia, chakula na tarehe uliyobadilisha chakula. Siku moja inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo kusanya ya siku mbili au tatu mfululizo. Kabla hujatoka piga simu uulize wanapokea sampuli mpaka saa ngapi.

MzeeWaUkoka, Moshi

Na kopo lifungwe vizuri lisikae na nyanya za mama kwenye friji hiyo. Nasra asalimiwe.